Kucheza Vita na Kuchezea Vita

Habari za mchezo wa silaha miongoni mwa watoto wadogo, na jinsi walezi walivyouongoza

Mchezo wa vita huonekana kuwa jambo dogo katika kazi ya mwalimu wa watoto wadogo, na kumbe mizizi yake ni mirefu. Mtoto wa miaka minne huokota kijiti, akakishika kama bunduki, akamlenga mwenziwe na kutoa mlio kinywani mwake. Mwenziwe huanguka, akafa, kisha akaamka na kudai zamu yake. Mwingine hujifunga kitambaa mabegani, akasema kwamba leo asiitwe kwa jina lake, kwa maana yeye ni yule shujaa wa ajabu aonekanaye katika televisheni, arukaye juu ya nyumba na kuvunja mawe kwa ngumi. Je, mwalimu amnyang'anye kijiti, au anyamaze, au aingie mwenyewe mchezoni? Waalimu wengi huamua kwa hasira ya saa ile, na kesho yake huamua namna nyingine. Watoto nao hawajui sheria ni ipi.

Swali hili limeulizwa tangu zamani, na majibu yake yameandikwa. Katika makala haya twataka kuzieleza habari zake kwa taratibu, ili msomaji aone waliokataza walipata nini, walioacha walipata nini, na waliotazama kwanza ndipo wakaamua walijifunza nini.

1. Maneno yenyewe

Lugha yetu ina kitenzi kimoja, cheza, na mnyambuliko wake, chezea, na kati ya hayo mawili pana tofauti inayotufaa sana katika jambo hili. Twasema watoto wanacheza mpira, wanacheza ngoma, wanacheza vita; hapo jina linalofuata kitenzi ni jina la mchezo wenyewe. Anayecheza vita hana vita mkononi. Ana mchezo tu. Lakini tukisema, "Usichezee moto," au "Mtoto yule anachezea bunduki ya baba yake," moyo hushtuka, kwa sababu kitu kilichotajwa kipo kweli, nacho chaweza kudhuru. Kadhalika kumchezea mtu ni kumdharau na kumfanya kama kitu. Ni kweli kwamba chezea hutumika pia pasipo ubaya, kama vile uwanja wa kuchezea, au mtoto anayechezea mwanasesere wake; walakini likitajwa pamoja na silaha, kila msemaji wa Kiswahili hulisikia kuwa ni onyo.

Maneno mengine mawili yafaa kukumbukwa, nayo ni kuiga na kubuni. Kuiga ni kufuata mfano uliokwisha kuwekwa na mwingine; kubuni ni kutoa jambo jipya katika akili ya mtu mwenyewe. Mchezo wa mtoto huchanganya yote mawili, na kipimo cha mchanganyiko huo, kama tutakavyoona, ndicho kilichowatia wasiwasi waalimu wa Marekani.

Mithali zetu nazo hazikubaliani. Moja yasema, "Mzaha mzaha, hutumbuka usaha". Yaani lililoanza kwa kucheka laweza kwisha kwa jeraha. Nyingine yasema, "Mtoto akililia wembe, mpe". Yaani na ajikate, apate kujua. Ya kwanza ni sauti ya mwalimu akatazaye, na ya pili ni sauti ya mwalimu aachaye. Kwa miaka mingi sauti hizi mbili zilishindana, mpaka wakatokea watu walioanza kuuliza swali la tatu: mtoto huyu anafanya nini hasa?

2. Watu wa kale na wazee wetu

Plato, mwanafalsafa wa Athene aliyekufa yapata mwaka 347 kabla ya Kristo, aliandika juu ya jambo hili katika kitabu chake kiitwacho Sheria. Asema kwamba mtoto atakayekuwa mjenzi na acheze kwa kujenga vijumba, na atakayekuwa mkulima acheze kwa kulima, na atakayekuwa askari acheze kwa kupanda farasi na mambo mengine kama hayo. Na mlezi aitumie michezo hiyo kuivuta mioyo ya watoto kuelekea kazi zao za baadaye. Tena aliyaogopa sana mageuzi ya michezo, akiona kwamba watoto wakibadili michezo yao watakuwa watu wa namna nyingine, nao watataka sheria nyingine.

Wazee wa nchi zetu hawakumsoma Plato, lakini mwendo wao ulifanana na huo. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake juu ya Wakikuyu kilichochapwa London mwaka 1938, aeleza kwamba watoto wa kiume walicheza kwa mikuki midogo ya mti na ngao za maganda ya mgomba, na kwa pinde na mishale na makombeo. Na watoto wa kike walisuka vikapu vya majani, wakafinyanga vyungu vidogo, wakapika vyakula vya kuwaza tu. Yeye aona kwamba michezo hiyo ilikuwa mazoezi ya kazi za wakubwa. Na neno hilo lilikuwa limekwisha kusemwa na mwanachuoni Mjerumani Karl Groos katika kitabu chake cha mwaka 1899 juu ya michezo ya wanadamu. Msomaji na aiangalie ngao ile ya ganda la mgomba. Haiwezi kuzuia mkuki wa chuma, lakini yatosha kwa mkuki wa mti. Silaha na kinga yake zimepimwa kwa kipimo kimoja, na kila mchezaji ajua kwamba havifai kitu nje ya mchezo.

Wala tusidhani kwamba ni watoto tu wachezao vita. Huko Lamu wanaume hucheza kirumbizi, wakishindana kwa fimbo huku ngoma inalia. Na katika miaka ya 1890 huko Lamu na Mombasa ilianza ngoma ya beni, ambayo watu wazima walivaa mavazi ya kiaskari, wakapanga safu, wakapeana vyeo, wakaandamana kwa tarumbeta. Vita vya 1914–1918 viliichukua ngoma hiyo mpaka bara pamoja na askari na wapagazi. Maofisa wengine wa serikali waliihofu, wakidhani kwamba chini ya mchezo pana shauri la kweli la siri. Na wamisionari wengine wakaikataza kwa Wakristo wao. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1975, ameonyesha kwamba beni ilikuwa na mambo mengi ndani yake: mashindano ya mitaa, kusaidiana katika shida, fahari, na mzaha kwa wenye nguvu. Aliyeitazama kwa mbali aliona bunduki za mti tu.

Jibu la Plato na la wazee wetu lilifaa mahali ambapo kijana alitazamiwa kushika silaha kweli, chini ya uangalizi wa rika lake na wazee wake. Mchezo ulikuwa na mwisho unaojulikana. Ugumu ulianza pale jamii ilipopenda mtoto asiwe askari, na mtoto akaendelea kucheza vita vilevile.

3. Wanasesere wa risasi na vichezeo vya amani

Ugumu huo ulionekana wazi huko Ulaya. Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule ya watoto wadogo katika mji wa Blankenburg mwaka 1837 na kuiita Kindergarten, yaani bustani ya watoto, mwaka 1840, alikuwa askari wa kujitolea katika vita vya kupigana na Napoleon mwaka 1813. Lakini vichezeo alivyowapa watoto havikuwa silaha: vilikuwa mipira, matufe ya mti, na vipande vya mti vya kujengea. Serikali ya Prussia ilizifunga shule zake mwaka 1851, ikaziruhusu tena mwaka 1860. Wakati huohuo mafundi wa Nuremberg walikuwa wakiuza kwa wingi askari wadogo wa bati. Na mwaka 1893 kiwanda cha William Britain huko London kikaanza kutengeneza askari wa risasi wenye uwazi ndani, wepesi na wa bei ndogo, hata wakaenea nyumba nyingi.

Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu cha sheria za kupigana vita vidogo sakafuni kwa askari wa namna hiyo na mizinga yenye kurusha vijiti. Mwishoni mwa kitabu alisema kwamba mtu aliyecheza vita vidogo mara chache ataona upumbavu wa vita vikubwa. Mwaka uliofuata, watu wa baraza la amani la Uingereza walitaka watoto wapewe vichezeo vya amani badala ya askari na mizinga. Shauri hilo likamchekesha mwandishi Saki, ambaye jina lake hasa ni H. H. Munro. Alitunga hadithi ya mjomba mmoja aliyewaletea watoto sanamu za watu wa elimu na majengo ya halmashauri ya mji. Alipowarudia akawakuta wamezigeuza sanamu kuwa majemadari, na majengo kuwa ngome, na wino mwekundu umekuwa damu.

Mwezi wa Agosti 1914 vita vikubwa vikaanza. Saki mwenyewe aliuawa Ufaransa mwaka 1916, na hadithi ile ikatoka katika kitabu mwaka 1919. Basi kuacha watoto wacheze vita hakukuzuia vita, kama Wells alivyotumaini. Wala vichezeo vya amani havikuviondoa vita mchezoni, kama Saki alivyoonyesha kwa kicheko. Wote wawili walitazama kichezeo. Mtoto mwenyewe alikuwa bado hajatazamwa vya kutosha.

4. Watoto waliokuwa ndani ya vita

Aliyemtazama kwa makini alikuwa mlezi wa watoto ambao kwao vita havikuwa mchezo. Tangu Septemba 1940 ndege za Ujerumani zilitupa mabomu juu ya London usiku baada ya usiku. Bibi Anna Freud, aliyekuwa amekimbia Vienna pamoja na baba yake, tabibu Sigmund Freud, mwaka 1938, alianzisha pamoja na mwenzake Bibi Dorothy Burlingham nyumba za kulelea watoto katika mtaa wa Hampstead, kwa fedha zilizotoka Marekani. Nyumba hizo zilidumu hata mwaka 1945, na kitabu chao juu ya vita na watoto kilichapwa mwaka 1943.

Walezi wa nyumba hizo waliandika kwa bidii waliyoyaona. Watoto walicheza mabomu kama vile watoto wa mahali pengine wachezavyo harusi au soko: walijenga nyumba, wakaziangusha, wakacheka, wakaenda kula. Lakini alikuwapo mtoto mmoja wa kiume wa miaka minne aliyefiwa na baba yake katika vita hivyo. Yeye alijenga nyumba za karatasi, akadondosha gololi juu yake ziwe mabomu. Tofauti yake na wenzake ilikuwa hii: katika mchezo wake watu wote waliokolewa kwa wakati, na nyumba zote zilitengenezwa upya, naye alilazimika kuanza tena, na tena, pasipo kuridhika. Walezi wakafahamu kwamba mtoto alikuwa akikataa kwa mikono yake habari ambayo hakuweza kuikataa kwa maneno. Ilipita miezi mingi kabla hajaweza kusema mwenyewe kwamba baba yake amekufa.

Kama mlezi angalimnyang'anya gololi kwa kuwa mabomu si mchezo mwema, angalimfungia njia ya pekee aliyokuwa nayo ya kulisema jambo lake. Na kama angalipita tu bila kutazama, asingalijua kwamba mtoto huyu ahitaji mtu wa kukaa karibu naye.

Miaka mingi baadaye tabibu mmoja wa Marekani, Lenore Terr, aliyatazama mambo ya namna hiyo kwa utaratibu. Mwaka 1976 huko California basi la shule lilitekwa na watu wenye bunduki, na watoto 26 pamoja na dereva wao wakafungiwa chini ya ardhi. Wote walitoka salama. Bibi Terr alikaa na watoto hao, na katika maandiko yake ya mwaka 1981 alieleza kwamba mchezo utokao katika hofu kubwa hurudiwa vilevile siku zote, hauna furaha, wala haumpunguzii mtoto mzigo wake. Hii ni alama ambayo kila mwalimu aweza kuiona bila kuwa tabibu. Mchezo wa kawaida hubadilika: jana mwizi alikamatwa, leo ametoroka, kesho atakuwa mgonjwa na kupelekwa hospitali. Mchezo wa jeraha haubadiliki.

5. Kunguru na panzi

Baada ya vita vya pili vya dunia jambo jingine likaingia, nalo ni biashara kubwa ya vichezeo pamoja na televisheni. Nchi ya Uswidi ilichukua njia yake mwaka 1979: idara za serikali na wauzaji wa vichezeo walipatana kwamba vichezeo vyenye mfano wa silaha za vita vya siku hizi visiuzwe tena. Tuangalie vema namna ya mapatano hayo. Waliozuiwa walikuwa wauzaji. Mtoto wa Kiswidi aliyeokota kijiti mwituni hakukatazwa neno.

Huko Marekani mambo yalikwenda kinyume. Zamani tume ya serikali inayosimamia redio na televisheni ilikuwa imeweka mipaka, ili hadithi za watoto zisigeuzwe kuwa matangazo ya biashara. Lakini mwaka 1984 mipaka hiyo iliondolewa. Kampuni ya Mattel ilikuwa imekwisha kutoa mwaka 1982 wanasesere wa shujaa aitwaye He-Man, na mwaka 1983 hadithi zake zikaanza kuonyeshwa. Kichezeo kilitangulia, na hadithi ikafuata ili kukiuza. Wengine wengi wakaiga mwendo huo. Bunge lilirudisha mipaka kidogo kwa sheria ya mwaka 1990. Na huko New Zealand hadithi za Power Rangers ziliondolewa katika televisheni mwaka 1994, baada ya wazazi kulalamika kwamba watoto wao wanapigana kwa kuziiga.

Bibi Nancy Carlsson-Paige na Bibi Diane Levin, wawili waliofundisha waalimu huko Massachusetts, waliyasikia malalamiko ya waalimu wa watoto wadogo, wakaandika kitabu mwaka 1987. Walisema kwamba kucheza vita si jambo geni, tena humsaidia mtoto kujiona ana nguvu katika dunia ya watu wakubwa kuliko yeye. Kilichobadilika ni kwamba mtoto sasa amepewa silaha iliyokwisha kutengenezwa, na jina, na maneno, na adui, na mwisho wa hadithi; hivyo amebaki kuiga tu, na kubuni kumekufa. Kijiti chaweza kuwa bunduki asubuhi na fimbo ya mchungaji jioni. Bunduki ya plastiki ni bunduki siku zote.

Waandishi hao waliwaonyesha waalimu njia nne: kuukataza mchezo kabisa, kuuacha bila kuutazama, kuuruhusu kwa mipaka, au kuuruhusu kwa mipaka na kuusaidia ukue, kwa kuuliza maswali, na kuleta vitu vipya, na kuzungumza na watoto. Njia hii ya nne ndiyo waliyoipendelea, ijapokuwa walikubali kwamba ni ngumu kuliko nyingine zote. Mithali yetu yasema, "Vita vya panzi, furaha ya kunguru." Wakati waalimu na watoto wanapogombana juu ya upanga wa plastiki, aliyeuuza amekwisha kula faida yake.

6. Madarasa mawili

Nadharia hufaa kidogo pasipo darasa. Kwa hiyo twataja mahali pawili ambapo waalimu waliujaribu mwendo huu na kuandika habari zake.

La kwanza ni darasa la Bibi Vivian Paley, mwalimu wa watoto wa miaka mitano katika shule ya Chuo Kikuu cha Chicago. Katika kitabu chake cha mwaka 1984 aeleza jinsi watoto wa kiume walivyokimbia huku na huku wakiwa mashujaa wa sinema ya Star Wars, na watoto wa kike walivyotulia katika kona ya wanasesere. Alipochunguza akaona kwamba saa zake zilipangwa kuwafaa watulivu: muda wa kucheza ulikuwa mfupi, na watoto wa kiume walipoitwa mezani walikuwa hawajamaliza hadithi yao. Akaurefusha muda wa kucheza. Nao, wakiisha kushiba mchezo, wakaja mezani wenyewe.

Tena alikuwa na desturi moja iliyo nyepesi kuifuata hata mahali pasipo na vitu vingi. Mtoto humwambia mwalimu hadithi yake, mwalimu huiandika kama ilivyosemwa, na siku ileile watoto wote huketi duara na kuiigiza. Shujaa apigaye kila mtu uwanjani hapati nafasi hiyo katika duara, kwa sababu hadithi imeandikwa, na kila mtu ana sehemu yake, na wenzake wanatazama. Watoto wenyewe huanza kuweka sheria. Kitabu chake cha mwaka 1988 kimepata jina kwa sheria moja ya namna hiyo, kwamba wabaya hawana siku ya kuzaliwa.

La pili ni huko London. Tangu miaka ya 1970 na 1980 shule nyingi za watoto wadogo za Uingereza zilikuwa na sheria kwamba silaha za mchezo hazikubaliwi hata kidogo. Sheria hiyo ilitoka katika nia njema, ya kutaka amani na kupunguza ukali wa wanaume. Bibi Penny Holland, aliyekuwa mlezi katika shule za namna hiyo, alianza kuitilia shaka, na kitabu chake cha mwaka 2003 chaeleza yaliyotokea sheria ilipolegezwa. Chini ya katazo, mtoto aliyejenga bunduki kwa matofali ya kuchezea alijifunza kusema kwamba ni kitu kingine pindi mlezi alipokaribia. Yaani alijifunza kusema uongo. Tena watoto walewale, hasa wa kiume, walisikia "acha" na "hapana" kutwa nzima, mpaka wakajiona kuwa wabaya. Katazo lilipoondolewa na walezi wakaingia kuusaidia mchezo, mara ya kwanza bunduki ziliongezeka. Kisha mchezo ukapanuka, hadithi zikaja, na ugomvi wa kweli haukuongezeka kama ilivyohofiwa. Mwishoni mwa mwaka 2007 serikali ya Uingereza ikawashauri walezi wasiikatize haraka michezo ya silaha ya watoto wa kiume. Chama kimoja kikubwa cha waalimu kilipinga. Ubishi huo haujaisha.

7. Yatupasayo

Mwanachuoni Gregory Bateson, aliyewatazama tumbili katika bustani ya wanyama ya San Francisco mwaka 1952, aliandika mwaka 1955 kwamba wanyama wachezao kupigana lazima wawe na dalili ya kuambiana, "huu ni mchezo." Meno hugusa ngozi kwa mfano wa kuuma, lakini maana ya kuuma haimo. Watoto wetu nao wana dalili zao: uso wa kicheko, kupeana zamu, mwenye nguvu kukubali kushindwa, aliyeanguka kuamka mwenyewe. Dalili hizo zikiwapo, watoto wanacheza vita. Zikitoweka, uso ukakunjamana, mmoja akawa adui siku zote na hataki, au mtoto akalia na mwenziwe asisimame, basi mchezo umekwisha ingawa jina lake lingali linatajwa. Hapo wanachezea vita, na mwalimu hana budi kuingia mara moja.

Mipaka ya kuwekwa si mingi. Asilengwe asiyecheza. Silaha ibuniwe na watoto wenyewe kwa kijiti, bua au mkono mtupu, isiletwe dukani. Anayesema "basi" asikilizwe papo hapo. Pawe na mahali pa kukimbia na mahali pa utulivu, ili wengine wasisumbuliwe. Na mwalimu asiogope kuuliza: huyu mbaya anataka nini? Nani atawatibu majeruhi? Watakula nini usiku? Kwa maswali kama hayo kuiga hugeuka kuwa kubuni.

Silaha ya kweli ni jambo jingine kabisa, na hapo katazo halina masharti. Maghala ya silaha ya jeshi yalipolipuka Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, mabomu yaliruka mpaka makazi ya watu. Na katika Kongo ya mashariki yako mashamba yenye mabaki ya vita ambavyo baba zao watoto hawakuvianzisha. Mtoto aliyezoea kuambiwa "usicheze bunduki" na "usichezee bunduki" kwa sauti moja na hasira moja, aweza kudhani kwamba ubaya wa chuma alichokiokota ni sawa na ubaya wa kijiti. Mwalimu atumiaye katazo kwa kila kitu hulipunguzia nguvu mahali linapohitajika.

Neno la mwisho lawahusu waalimu walio karibu na watu waliokimbia vita, kama wale wa kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyoanza kupokea watu kutoka Kongo mwaka 1996 na Warundi mwaka 2015. Huko mtoto anayecheza kuvamiwa kwa nyumba aweza kuwa haigi hadithi ya televisheni. Asikemewe, na asiachwe peke yake. Mwalimu na aketi karibu, atazame siku kadhaa kama mchezo unabadilika, na usipobadilika awaite walio na ujuzi wa kumsaidia.

Tena ingefaa sana waalimu wa kila sehemu wayaandike majina ya michezo hii kwa lugha za kwao, na maneno watoto wayatumiayo kuanza mchezo, kugawana pande, kuomba kusimama na kuufunga. Maneno hayo hayamo katika kamusi zetu ila machache, nayo ndiyo yatuonyeshayo mahali watoto wenyewe walipoweka mpaka kati ya kucheza na kuchezea.